Tuzo ya Njia Panda

Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018 ilikwenda Dar es Salaam. Hutolewa na taasisi moja ya kimataifa yenye makao yake New York, na kabla ya hapo haikuwahi kuja katika jiji lolote la Afrika. Kilichoileta ni mabasi yaendayo haraka, haya ambayo wenyewe wa Dar wanayaita mwendokasi. Awamu ya kwanza ya mradi ina kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, na abiria wa kwanza walipanda Mei 2016. Zamani mtu wa Kimara alikuwa anaamka na majogoo ili asichelewe kazini Posta, na jioni anarudi watoto wamekwisha lala. Basi lilipopewa njia yake peke yake katikati ya barabara, lisiingiliwe na gari la tajiri wala la nani, mambo yakabadilika.

Kasoro zipo, tusifichane. Karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, bondeni kabisa mwa mto Msimbazi, na mto ule unapotaka eneo lake wakati wa masika hauombi ruhusa kwa mtu. Habari ya kubanana vituoni nayo kila mtu anaijua. Hata hivyo tuzo ni tuzo, na mimi nilifurahi kama vile nimepewa mwenyewe.

Lakini mimi si mtu wa Dar. Mimi ni kijana wa Uyole, nimemaliza kidato cha nne, mchana nauza vocha na chaja za simu, usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku ambayo sijui itamalizika lini. Na tangu nisikie habari ya tuzo ile nina swali moja limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Hao wanaogawa tuzo za barabara, je, wamewahi kufika Uyole? Nikajijibu mwenyewe: wamepita. Kila mtu anapita Uyole. Shida yetu ni hiyo hiyo, kwamba wanapita.

Kwa asiyepajua, Uyole ni njia panda upande wa mashariki wa jiji la Mbeya, kiasi cha kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Ukitoka Dar, baada ya Morogoro, Iringa, Makambako, Chimala na Igurusi, unapanda, unapanda tena, halafu unaikuta Uyole na ubaridi wake. Hapo barabara inagawanyika. Ukinyoosha unaingia Mbeya, unakwenda Tunduma, unavuka Zambia. Ukikata kushoto unapita Igawilo, unateremka Kiwira, Tukuyu, Kyela, mpaka Kasumulu kwenye daraja la mto Songwe, na ng'ambo yake ni Malawi. Malori ya nchi tatu yanapishana hapa mchana na usiku. Mgeni anaona vumbi, viazi na kelele za wapiga debe. Mimi naona historia nzima ya kusini mwa Afrika imesimama kusubiri gari.

Hebu tuanze na jambo ambalo hata wenyeji wengi hawalijui. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka bandarini Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Katika urefu wote huo, mahali palipo juu kuliko pote si kwenye milima ya Udzungwa, wala si huko Zambia. Ni hapa Uyole, mita 1,789.43 juu ya usawa wa bahari. Hizo sentimita 43 usizicheke, kuna mtu alipiga magoti na darubini yake kuzitafuta. Mimi nimezaliwa hapa na sijapata kuona kibao chochote kinachosema hivyo. Treni inafika juu ya paa la safari yake yote, inavuta pumzi, inaanza kuteremka kuelekea Mbeya, na sisi huku chini tunagombania bei ya karoti.

Niliposoma jambo hilo nilimwendea babu yangu, mzaa mama, nikamwuliza kama alikuwa akijua. Babu alikuwa kibarua wa reli ile. Akacheka akasema, "Mjukuu wangu, sisi hatukuambiwa mita. Sisi tuliambiwa chimba."

Lakini kabla ya babu na sururu yake ilikuwapo barabara, na kabla ya reli ilikuwapo hofu. Mji wa Mbeya wenyewe ni mtoto wa dhahabu. Waingereza waliuanzisha mwaka 1927, enzi za dhahabu ya Lupa kule Chunya, na njia iliyopita huku ilikuwa sehemu ya ile ndoto yao ya kutoka Cape hadi Cairo bila kukanyaga nchi isiyo yao. Ilikuwa njia ya udongo. Kiangazi vumbi, masika tope. Kwa hali hiyo ingeweza kukaa miaka mingine hamsini, maana hakuna aliyekuwa na haraka nayo.

Haraka ilikuja tarehe 11 Novemba 1965. Siku hiyo Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa watu wachache. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, na shaba yake, ambayo ndiyo ilikuwa mshahara wa nchi nzima, ilikuwa ikipita kwa reli ndani ya Rhodesia hiyo hiyo kwenda baharini. Mafuta yake nayo yalikuwa yakija kwa njia ile ile. Kaunda akajikuta yuko kama mtu ambaye mlango wa nyumba yake unafunguliwa na jirani anayemchukia. Mlango mwingine uliobaki ulikuwa Dar es Salaam. Na kati ya Dar es Salaam na Zambia kulikuwa na nini? Kulikuwa na sisi, na barabara yetu ya udongo.

Basi malori yakaanza. Mwaka 1966 serikali mbili ziliunda kampuni ya malori kwa ushirika na Waitalia, yakaletwa magari ya Fiat, na madereva wakapewa kazi ambayo leo hii ukimwambia kijana atakuuliza mshahara kwanza. Mapipa ya mafuta kwenda, shaba kurudi. Mvua ikinyesha lori linazama mpaka kwenye matumbo yake. Milimani breki zinakataa. Wageni waliiita barabara ile njia ya jehanamu, na kwa kweli hawakutia chumvi. Wazee wa huku wanakumbuka malori yaliyolala ubavuni kando ya njia, na madereva waliokaa kwenye kijiji cha watu wiki nzima wakisubiri udongo ukauke. Baadhi yao waliacha watoto, lakini hiyo ni riwaya nyingine.

Ndani ya miaka kumi na moja zikapita huku kazi tatu kubwa, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa na jibu la swali lile lile la Zambia. La kwanza kwisha lilikuwa bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar mpaka Ndola, lililofunguliwa mwaka 1968 baada ya kujengwa na Waitalia. Bomba ni mgeni asiye na maneno, limezikwa chini na halisumbui mtu. Tangu mwaka 2023 linapitisha dizeli badala ya mafuta ghafi. Halafu ikaja lami. Marekani, ambayo haikutaka kusikia habari ya reli, ilikubali kutoa mkopo wa barabara, na Benki ya Dunia na Sweden wakashiriki pia. Kuanzia mwaka 1968 hadi mwanzoni mwa miaka ya sabini barabara ya TANZAM ikajengwa, ikakata mlima Kitonga, ikapanda Iringa, ikafika kwetu. Hapo ndipo Uyole ilipoanza kuwa Uyole. Pasipo na lami njia panda ni mahali pa kuulizia njia tu. Lami ikifika, panakuwa soko.

La tatu ndilo kubwa.

Nyerere na Kaunda walizunguka dunia wakiomba reli. Benki ya Dunia ilisema haina faida. Waingereza, Wamarekani na Warusi, kila mmoja kwa sababu yake, wakakataa. Waliokubali ni Wachina, na ikumbukwe kwamba China ya wakati ule haikuwa hii ya simu na maghorofa. Ilikuwa nchi maskini yenye baiskeli nyingi. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967: mkopo wa yuani milioni 988 usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Kazi ikaanza Oktoba 1970. Kufikia Agosti 1973 mataruma yalikuwa yamekwisha vuka mpaka wa Zambia, na mwezi Juni 1975 yakafika Kapiri Mposhi, kabla ya muda uliopangwa. Tarehe 14 Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi kwa wenyewe. Ina mahandaki 22 na madaraja zaidi ya 300. Upana wake ni milimita 1,067, sawa na reli za kusini mwa Afrika, tofauti na reli yetu ya kati yenye milimita 1,000. Ndiyo kusema tangu siku ya kwanza reli hii ilikuwa imegeuza uso wake kusini, inatazama Zambia.

Babu aliandikishwa mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu kutoka Rungwe. Alipelekwa kule kati ya Mlimba na Makambako, na kama kuna mahali ambapo reli ile ilinunuliwa kwa damu, ni pale. Kipande hicho ni kilomita 158 tu, lakini mahandaki mengi kuliko yote yako humo, na daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo zenye urefu wa mita 50. Babu anasema udongo wa kule ulikuwa kama uji. Mnachimba mchana, usiku mvua inaurudisha wote. Hakuweza kusemezana na msimamizi wake Mchina, isipokuwa kwa vidole na kwa maneno matano au sita ambayo mpaka leo anayatamka vibaya na kuyapenda. "Lakini yule bwana hakuwa anasimama juu na kuonyesha kidole," anasema babu. "Aliingia handakini kabla yetu. Mzungu wa shamba la chai nilimjua. Huyu alikuwa mtu wa namna nyingine."

Wachina zaidi ya 60 walifia katika kazi ile, na makaburi yao yako Dar es Salaam, nje kidogo ya mji, yamepangwa kwa mistari na yanatunzwa. Kila mara kiongozi wa China akija, hupelekwa kuweka shada la maua. Waafrika nao walikufa, tena wengi. Babu ana majina mawili ambayo huyataja akishiba. Sitayaandika hapa kwa sababu jamaa zao sikuwaomba ruhusa. Ninachoweza kusema ni kwamba mmoja alizikwa kule kule milimani na mwingine akaletwa nyumbani juu ya lori la kokoto. Nilipomwuliza babu kama walipewa medali au karatasi, alisema walipewa sanda, na kampuni ililipa nauli.

Hapa mtu ataniuliza, sasa hii ndiyo sherehe uliyotuitia? Ndiyo. Mimi ninazisherehekea kazi hizi kwa moyo wote. Bila ya reli ile na barabara ile, Zambia ingepigwa magoti, na pengine safari ya uhuru wa Zimbabwe na nchi nyingine za kusini ingekuwa ndefu zaidi. Watu wa Rungwe, Usafwa, Ubena na Uhehe walichimba kwa mikono yao njia iliyomnyima Smith ufunguo wa mlango wa jirani. Tuzo gani ya New York inaweza kulipima jambo hilo? Ninachokataa ni kuisoma historia hii kana kwamba ilifanywa na marais wawili na mwenyekiti mmoja peke yao.

Tena kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya niketi kuandika. Kazi zote tatu zilichorwa kwa ajili ya kitu kinachopita: mafuta, shaba, mbolea, mahindi ya msaada. Hakuna mchoraji aliyekaa mezani akasema, "Na hawa wa Uyole je?" Waliojipachika humo ni watu wenyewe. Lori likipunguza mwendo kwenye njia panda, mama mmoja akaona kwamba dereva ana njaa. Akaleta mahindi ya kuchoma. Mwenzake akaleta chai. Kesho yake mwingine akateremsha ndizi kutoka Tukuyu, wa nne akaleta viazi kutoka Isyonje. Kituo cha utafiti wa kilimo kikakua pembeni, kikatoa mbegu za maharage ambazo mpaka leo zinaitwa kwa jina letu, Uyole 84, Uyole 94, Uyole 96, na ukienda duka la pembejeo mikoa ya mbali utazikuta. Njia panda ikawa mji bila ya kuwa na mhandisi wake.

Miaka ile vita vya Msumbiji vilipoifungia Malawi njia zake za kwenda Beira na Nacala, mizigo yake ikageuzwa ikapita Dar es Salaam. Ilikuja kwa reli hadi Mbeya, kikajengwa kituo maalumu cha mizigo ya Malawi, ikapakiwa kwenye malori na kupita Uyole kuelekea Kasumulu. Nchi ya pili ikawa imeokolewa na njia panda ile ile. Mama yangu alikuwa binti mdogo, alikuwa akiwasaidia wakubwa kuuza karanga kwa madereva wa Malawi, na mpaka leo anaweza kuhesabu pesa kwa Kichewa.

Reli nayo ilifanyiwa vivyo hivyo na watu wake. Mwanahistoria Mmarekani, Jamie Monson, aliyeandika kitabu juu ya TAZARA mwaka 2009, alionyesha kwamba treni ya kawaida, ile inayosimama kila kituo, iligeuka kuwa uhai wa wakulima na wachuuzi wadogo wa njiani. Wapimaji wa uchumi walikuwa wanahesabu tani za shaba, na huku chini watu wanahesabu magunia ya mpunga na matenga ya ndizi. Ndiyo maana shaba ilipopungua, na apartheid ikafa, na Zambia ikarudi kwenye njia zake za kusini, mizigo ikaporomoka mpaka tani 88,000 tu katika mwaka 2014/15, kwa reli iliyojengwa ibebe milioni mbili, wengine wakasema reli imekufa. Waliosema hivyo hawakuwa wakipanda treni ya kawaida. Sasa Wachina wanarudi: mwaka 2024 marais wa nchi tatu walishuhudia makubaliano ya kuifufua yakitiwa saini Beijing, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa dola bilioni 1.4. Tunashukuru. Nilipomweleza babu kiasi hicho alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza treni ya kawaida itaendelea kusimama kila kituo au itakuwa ya mizigo tu. Sikuwa na la kumjibu. Swali lake ni zuri kuliko taarifa zote za habari nilizosikia.

Na barabara je? Hapa ndipo palipo moto, kwa maana ya nyumbani kwetu.

Tangu mwaka 2023 umekuwapo mradi wa kuipanua barabara kuu iwe ya njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga, hapa hapa Uyole, kupita katikati ya jiji mpaka Ifisi karibu na uwanja wa ndege wa Songwe. Kazi hii ilihitajika jana na juzi. Mbeya ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005, lakini ikabaki na uti wa mgongo mmoja mwembamba, ambao malori ya Lubumbashi, daladala za Mwanjelwa, bajaji, punda na watoto wa shule wote wanaugombania. Mwezi Juni 2024, kwenye mteremko wa Simike, lori moja liliua watu zaidi ya 10 kwa mkupuo. Anayesema barabara isipanuliwe hatutakii mema.

Lakini barabara ina sheria yake. Kwa sheria ya mwaka 2007 hifadhi ya barabara kuu ilipanuliwa kutoka mita 45 kuwa 60, yaani kila upande kutoka mita 22.5 kuwa 30. Aliyekuwa nje ya mstari akajikuta ndani bila ya kuhamisha hata tofali. Wenye nyumba huwekewa alama ya X. Ya kijani ina maana utalipwa fidia, nyekundu ina maana ulijenga mahali pasipo pako. Kibanda cha mama hakina X ya rangi yoyote. Kibanda cha mbao na bati hakistahili hata kuchafuliwa kwa rangi, huambiwa tu kwa mdomo, "Mama, jiandae." Ameuza hapo miaka 26. Mimi nimesomeshwa na hapo, kidato cha kwanza mpaka cha nne, na hata kaunta buku hii imenunuliwa na maharage ya hapo.

Simtetei mama kwa sababu ni mama yangu tu. Kwenye mstari ule wa vibanda wako wanawake karibu arobaini. Ukipiga hesabu ya watoto waliosomeshwa na mita mia moja za kando ya lami, utakuta kuna walimu, manesi, na askari mmoja wa usalama barabarani ambaye akiwa zamu hujifanya hamwoni mama yake. Mchoro wa njia nne ninaousikia ukisimuliwa una taa, una mifereji, una ukingo katikati. Jambo moja sijasikia mtu akilisimulia: dereva wa lori atasimama wapi, na mwenye mahindi atasimama wapi, na mtoto wa shule atavukia wapi njia nne zenye magari yanayokuja kwa kasi.

Ndipo ninapotaka kukurudisha Dar es Salaam, msomaji wangu, maana nilikuficha tuzo moja. Mwaka 2019 ilitolewa kule New York kwa mara ya kwanza tuzo ya miji ya taasisi iitwayo WRI, dola 250,000. Miradi ilikuwa mingi na mikubwa, kutoka pande zote za dunia. Ulioshinda ulikuwa wa shirika dogo liitwalo Amend, mradi wa usalama wa watoto waendao shule kwa miguu katika miji ya Afrika, na Dar es Salaam ndiyo ilikuwa mfano wake mkuu. Unajua walijenga nini? Matuta. Vivuko vya pundamilia. Njia ya waenda kwa miguu yenye ukingo ili gari lisipande. Vibao. Pengine walihamisha geti la shule kutoka barabara kuu kwenda uchochoroni. Basi, ni hayo. Vitu ambavyo fundi wa mtaani anaweza kuvifanya kwa wiki chache. Na ajali zikapungua, mahali pengine hadi asilimia 26.

Niliposoma habari hiyo nilisimama na kuketi tena. Kumbe waamuzi wa dunia wanaweza kuinama wakaangalia chini, wakaona mguu wa mtoto! Kumbe si lazima jambo liwe na nguzo za mita 50 ndipo lihesabiwe!

Basi nikafanya kitu ambacho mtu mwenye kaunta buku anaweza kufanya. Wanawake wa vibandani waliniita jioni moja, wakanipa chai na kiazi, wakasema, "Wewe mwanetu si ndiye mwandishi? Tuandikie barua." Nikaiandika, kurasa mbili, kwa Kiswahili cha heshima. Tuliomba mambo matatu. Kwanza, sehemu ya malori kuegesha nje ya njia nne, kabla ya njia panda, na wauzaji wapangwe pembeni yake, kila mmoja na meza na namba. Pili, vivuko viwili vyenye matuta, kimoja karibu na shule na kimoja penye kituo cha daladala za Igawilo. Tatu, kibao cha reli: mita 1,789.43. Hilo la tatu niliongeza mimi, na nilidhani watalifuta. Hawakulifuta. Mama mmoja mwuza ndizi, ambaye mumewe naye alikuwa kibarua kule Makambako, alisema kibao kiwe na majina ya waliochimba, angalau ya huku kwetu, na kama kupaka rangi ni gharama yeye atatoa elfu tano.

Babu alitia saini ya kwanza, kwa dole gumba, ingawa anajua kuandika. Alisema dole gumba ndilo waliloliandikisha mwaka 1971, kwa hiyo watalitambua. Barua tuliipeleka siku ya Jumatatu, saini 38. Tuliambiwa tusubiri kikao. Kikao cha kwanza kimeahirishwa, cha pili kimepangwa baada ya mvua, na mama ameanza kukusanya mbao za akiba nyuma ya nyumba, kwa sababu lolote litakaloamuliwa atahitaji meza.